Tatu Iliyodondoka: Miaka Thelathini na Sita ya Bi Kumi na Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, msomaji prufu ambaye jengo zima linamwita Bi Kumi na Saba atafunika kalamu yake nyekundu na kustaafu, baada ya kuitumikia nyumba hii ya uchapaji kwa miaka thelathini na sita, miezi mitatu na siku tisa. Katika muda huo amesoma vitabu vya shule zaidi ya mia sita, kalenda ambazo hakuna aliyezihesabu, na kila toleo la jarida hili la wafanyakazi isipokuwa matoleo kumi na manne. Hayo kumi na manne nitayaeleza hapa chini, kwa sababu mhariri wa jarida ameniomba nisiyaeleze.

Ameniomba pia nifupishe. Nimefupisha. Nimeondoa aya nzima inayohusu maua anayopanda kwenye makopo ya wino, na nyingine inayohusu jinsi anavyokunywa chai. Yaliyobaki hayafupishiki. Na kwa kuwa hakuna ukurasa unaoingia mtamboni hapa bila sahihi ya Msomaji Mkuu, na Msomaji Mkuu kwa sasa ni mimi, basi tuendelee.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na minne, amevaa miwani ya dada yake mkubwa ambayo aliiazima kwa ajili ya usaili na hajairudisha hadi leo. Walimpa ukurasa wa ratiba ya treni atafute makosa ya herufi. Aliusoma mara mbili, akasema herufi zote ziko sawa, ila treni ya saa tatu inafika kabla haijaondoka. Wasaili walitazamana. Mmoja akamwambia kwamba hakuulizwa habari za treni. Akamjibu kwa upole kwamba abiria wangeuliza. Alipewa kazi, na mimi nasema siku ile ndiyo ugomvi wake na nyumba hii ulipoanza, ingawa yeye mwenyewe alidhani ameajiriwa.

Kwa wasiowahi kupanda ngazi zetu, chumba cha kusomea kiko juu kabisa ya mitambo, na sakafu yake inatetemeka tangu asubuhi hadi jioni. Meza zetu ni sita, na kila meza inakaliwa na watu wawili wanaotazamana. Mmoja tunamwita Mdomo: anashika muswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti. Wa pili ni Jicho: anafuata kwenye prufu, ile karatasi ya majaribio ya uchapaji, kwa ncha ya penseli, neno kwa neno. Ikifika zamu ya namba, Mdomo hasemi elfu wala milioni. Anataja tarakimu tatu, anavuta pumzi, anataja tatu nyingine, anavuta pumzi. Mgeni akipita mlangoni hudhani amefika shule ya chekechea. Na sheria ya chumba ni moja, imeandikwa ukutani kwa rangi: prufu ifanane na muswada. Kama muswada unadanganya, hilo si letu.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha hesabu cha darasa la saba. Mwandishi alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mwenye sauti ya kengele, aliyependa kuitwa Mheshimiwa. Nami nitamwita hivyo, asije akasema nimemnyima haki yake. Katika ukurasa wa 46 Mheshimiwa alieleza habari za namba tasa. Waliosahau shule niwakumbushe: namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa. Tisa si tasa, maana tatu inaingia humo mara tatu bila kubakiza kitu. Mheshimiwa akaandika kwamba 31, 331, 3331 na 33331 zote ni tasa, jambo ambalo ni kweli tupu. Kisha akanogewa. Akaongeza: "Kwa mfuatano huohuo, 333333331 nayo ni tasa."

Hizo ni tatu nane na moja mwishoni. Mpangaji herufi alidondosha tatu moja, zikabaki saba. Bi Kumi na Saba, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, ndiye aliyekuwa Jicho. Alisikia pumzi zote zikivutwa mahali pake, akatia alama kwa kila pumzi badala ya kila tarakimu. Kosa hili hulifanya wasomaji prufu tu, na kila mmoja wetu amelifanya angalau mara moja, hata kama leo atakana. Kitabu kikachapwa, kikaenda shuleni na tatu pungufu.

Mwaka ulipita kabla Mheshimiwa hajagundua. Alipanda ngazi mwenyewe, kitabu kwapani, jasho linamtoka, akasimama katikati ya chumba na kuuliza kwa ile kengele yake, "Tatu yangu iko wapi?" Wote walisimama. Bi Kumi na Saba akasema kosa ni lake. Anasimulia waziwazi kwamba alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi mezani. Mchana uleule prufu ya toleo la pili ikaletwa, tatu imerudishwa, ili aitie sahihi.

Ilikuwa saa ya chakula. Wenzake walishuka, yeye akabaki na ile namba mbele yake. Aliona haya kwamba ameipotezea tarakimu bila hata kuifahamu, hivyo akachukua penseli aijaribu. Kwa mbili ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa tano, moja. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, sita. Akaenda kwa kumi na saba, pole pole kama alivyofundishwa shuleni, anashusha tarakimu moja baada ya nyingine, na alipoishusha ile moja ya mwisho alikuwa na hamsini na moja mkononi. Kumi na saba mara tatu ni hamsini na moja. Haikubaki kitu.

Alirudia mara tatu. 17 mara 19,607,843 ni 333,333,331, na aliyeshika jarida hili anaweza kuhakikisha sasa hivi kwenye ukingo wa karatasi; nimeacha nafasi makusudi. Mheshimiwa aliona namba nne zimenyooka akadhani ya tano itafuata foleni. Iliyofuata foleni kumbe ni ile yenye tatu saba, ile iliyotoka kwa bahati mbaya. Toleo la kwanza, lenye kosa lake, lilikuwa linasema kweli. Toleo la pili, lililosahihishwa, lilikuwa linawadanganya watoto.

Asubuhi iliyofuata alilisema hilo ofisini kwa meneja wa wakati ule, Mheshimiwa akiwa ameketi hapohapo. Meneja alicheka mpaka akakohoa. "Yaani kosa lako ndiyo sahihi, na usahihi wa Mheshimiwa ndiyo kosa?" Akajibu, "Ndiyo, bosi." Akamwomba Mheshimiwa azidishe tu, kazi ya dakika mbili, akamsogezea penseli. Mheshimiwa alisema yeye amefundisha hesabu kabla binti huyu hajazaliwa. Penseli hakuishika. Ninaandika hili kwa herufi za kawaida, lakini kama ningeruhusiwa ningeliandika kwa kubwa: hakuishika penseli!

Meneja akamkumbusha sheria ya ukutani, kwamba prufu inafanana na muswada na kazi yake imeishia hapo. Akampa siku moja ya kufikiri. Nyumbani alimweleza mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mpaka leo ndiye anayemshonea magauni yake ya kazini. Walikuwa na mtoto mchanga, na unga ungemwagika wangepata shida sana. Fundi alimsikiliza huku sindano iko mdomoni, akaitoa, akasema, "Mteja akitaka nikate nguo ambayo najua haitamwenea, namwachia mkasi akate mwenyewe." Kesho yake Bi Kumi na Saba alirudisha prufu bila sahihi.

Meneja alitia sahihi kwa niaba yake na kitabu kikaenda mtamboni. Yeye akapewa barua ya onyo yenye mashtaka mawili: uzembe, kwa kupoteza tatu, na ukaidi, kwa kukataa kuirudisha. Alitakiwa kusaini kwamba ameipokea. Alisaini, na chini ya jina akaandika: "Uzembe nakubali. Ukaidi sikubali. 17 × 19607843." Nimeiona barua hiyo kwa macho yangu.

Sasa tumefika kwenye yale matoleo kumi na manne. Alihamishiwa stoo ya kufungashia, miezi kumi na minne, kufunga vitabu kwa kamba na kubandika lebo. Waliompeleka huko walitaka ashike adabu. Alichoshika ni penseli. Alikuwa na deni moja kwa nafsi yake: aliwaambia wakubwa kwamba namba yake, 33,333,331, ni tasa, lakini hakuwa amethibitisha. Ni rahisi kuonyesha kwamba namba inagawanyika, unahitaji kigawanyo kimoja tu. Kuonyesha kwamba haigawanyiki ni kazi ya punda: unajaribu namba tasa zote, moja moja, mpaka ufike mahali ambapo kigawanyo kikijizidisha chenyewe kinaipita namba yako. Hapo unaruhusiwa kuacha, kwa kuwa kigawanyo kikubwa zaidi ya hapo kingehitaji mwenzake mdogo, na wadogo wote umeshawajaribu. Kwa namba hii, mahali penyewe ni karibu na 5,773. Majaribio yanazidi mia saba.

Alifanya matano kila saa ya chakula, nyuma ya lebo zilizoharibika. Wafungashaji mwanzoni walimwona amechanganyikiwa. Baada ya wiki chache wakaanza kuuliza, "Leo imegawanyika?" Akijibu bado, wanapiga makofi. Wakaipenda namba ile kama timu yao ya mpira, na walikuwepo waliokuwa wakimlazimisha amalize kula kwanza ili asije akakosea. Hao ndio waliomwita Bi Kumi na Saba, kwa utani, na jina likapanda ngazi kabla yake. Katika mwezi wake wa nane stoo alifika kwenye kigawanyo cha mwisho, 5,749. Ilibaki 629. Stoo nzima ililipuka kwa vigelegele na msimamizi akaja mbio akidhani rafu zimeanguka.

Sitii chumvi hata kidogo. Lebo zile zipo, amezifunga kwa kamba ya stoo, na nimezipitia zote kwa kikokotoo nikitafuta kosa, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha. Nilikuta tarakimu moja isiyosomeka vizuri. Kosa sikulipata.

Aliyemrudisha juu hakuwa bosi yeyote. Mwalimu mmoja wa shule ya mbali aliandika barua: mwanafunzi wake ameigawanya namba ya ukurasa wa 46 kwa kumi na saba na haikubaki kitu, yeye akamkosesha kwa kuwa kitabu kinasema ni tasa, na tangu hapo anaona aibu kumtazama mtoto yule usoni. Aliomba aambiwe nani ana haki. Inasemekana hapo ndipo meneja alipoishika penseli. Toleo la tatu liliondoa sentensi ile kimyakimya, bila maelezo, bila samahani kwa mtoto wala kwa mtu mwingine. Bi Kumi na Saba alirudi kwenye meza yake, ya pili kutoka dirishani, akaendelea na kazi kama mtu aliyetoka likizo.

Ameyafanya mengi tangu hapo. Alikamata karatasi ya maelekezo ya dawa ya kikohozi iliyotaka mtoto anywe mililita 25 badala ya 2.5. Alikamata kalenda yenye Jumatano mbili katika wiki moja, tukiwa tayari tumeagiza karatasi. Ameifuatilia ile familia ya namba zenye tatu kwa miaka yote hii, akagundua kwamba kumi na saba haikuingia mle mara moja tu: ongeza tatu kumi na sita na inagawanyika tena, ongeza kumi na sita nyingine na inagawanyika tena, haikosi, kama mgeni anayejua siku ya pilau ya jirani. Kila mgeni wa chumba chetu siku ya kwanza huandikiwa namba ndefu na kuambiwa, "Urefu wake usikutishe. Anza na mbili." Nilipoandikiwa mimi, miaka kumi na tisa iliyopita, nilidhani ananidhihaki. Nilikuwa nimetoka chuoni na kiburi tele. Ile namba ilinikalisha wiki nzima.

Lakini barua ilibaki kwenye faili. Na kanuni za nyumba hii zinasema mwenye onyo la ukaidi hawezi kuwa Msomaji Mkuu. Wasomaji Wakuu wanne wamepita tangu wakati huo, wote wanne wamefundishwa na yeye, na wa nne ni mimi. Ninakalia kiti chake. Nimekikalia miaka sita na sijawahi kukikalia kwa raha, na sioni kwa nini nijifanye vinginevyo katika jarida ambalo yeye mwenyewe atalisoma.

Wakurugenzi wanne, mmoja baada ya mwingine, walimwambia kitu kilekile: andika mistari miwili ya kuomba radhi, mashtaka yote mawili yatafutwa. Naye aliwajibu kitu kilekile: kwa uzembe ataomba radhi hata kwa magoti, hiyo tatu aliipoteza kweli; lakini kwa ukaidi, wazidishe kwanza. Hakuna aliyezidisha. Mwezi uliopita mkurugenzi wa sasa, mtu mwenye adabu zake na ambaye simsemi kwa ubaya, alimwita kwa mara ya mwisho. Alimweleza kwamba faili likifungwa na barua imo, cheti chake cha kustaafu kitaandikwa "utumishi wa kuridhisha" badala ya "utumishi uliotukuka". Bi Kumi na Saba alisema amesikia, akashukuru kwa chai, akarudi kusoma atlasi.

Wiki iliyopita cheti kililetwa chumbani kwetu kisomwe, kama kila kitu kinachochapwa hapa. Mimi nilikuwa Mdomo, mwenzangu wa meza ya tatu akawa Jicho. Tulikisoma mpaka nukta ya mwisho. Prufu ilifanana na muswada kwa kila kitu. Kwa sheria ya ukutani nilipaswa kutia sahihi palepale.

Nimekataa. Mwenzangu amekataa. Cheti kimezungushwa meza zote sita, na wasomaji wote kumi na mmoja tuliobaki tumekataa, hata yule aliyeajiriwa mwezi wa pili, ambaye bado yuko kwenye majaribio na nilimsihi atie sahihi tu asijiharibie. Aliniuliza kama nimezidisha. Nikamwambia nimezidisha. "Basi mbona unanishawishi nidanganye?"

Jumanne nilipewa barua yangu ya onyo. Ina shtaka moja, na nadhani mnalijua. Bi Kumi na Saba alipopata habari alitukaripia kama watoto, akasema karatasi haina thamani ya kuwaponza watu wazima wenye familia, akatuamuru tutie sahihi yaishe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya kazi hatukumtii. Aligeukia dirishani, akaivua miwani ya dada yake na kuipangusa, nasi tukainamia prufu zetu ili asituone tunavyomwona.

Bi Kumi na Saba, tunakushukuru kwa kila kosa ulilotuzuia kulifanya, na kwa lile moja lako ulilokubali bila kubembelezwa. Fundi tunamwomba akushonee gauni lisilo na mfuko wa penseli, ingawa tunajua utautia mwenyewe. Uende ukaishi siku nyingi, zenye afya na usingizi wa mchana. Ijumaa hutakabidhiwa cheti. Kiko mezani kwetu, hakijatiwa sahihi, na sisi tunaripoti kazini Jumatatu saa mbili kama kawaida.